Mkanda wa Mtemi Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na majiko yenye moshi, na kila mmoja ana jirani wa kumwazima chumvi, palikuwa na nchi iliyoitwa Mabondeni. Mtawala wake alikuwa Mtemi Kifaru.

Mtemi huyu alikuwa na mwili kama jabali na pembe ya kutisha. Lakini macho, jamani! Macho yake hayakufika mbali. Siku moja alisimama akazungumza na mti wa mgunga tangu asubuhi hadi jua la utosi, akidhani ni balozi kutoka nchi ya Twiga. Aliporudi nyumbani akasema, "Yule balozi ni msikivu mno. Hakunikatiza hata mara moja."

Na katika nchi hiyo aliishi Pimbi mmoja, mama mjane, jina lake Siwatu. Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo wa majabalini, wa mviringo kama andazi, na mkia hana. Wakubwa walipokutana naye njiani walimfokea, "Hebu pisha, pimbi wewe!" Naye alipisha. Miguu yake ilipisha, ila mdomo wake haukuwahi kumpisha mtu.

Siwatu alipika uji wa mtama akauuza sokoni, na kwa uji huo aliwalea wanawe, wa mwisho akiwa Kidawa, kitoto cha maneno mengi kama mama yake.

Sasa, desturi ya Mabondeni ilikuwa hivi: kila baada ya mavuno, kila nyumba ilipeleka vikapu vya nafaka kwenye ghala la Mtemi. Mtunza ghala alikuwa Fisi, na ufunguo aliuning'iniza shingoni mchana na usiku. Kila kikapu kikiingia, Fisi alisema, "Asanteni, asanteni! Hii ni akiba ya siku mbaya."

Basi siku mbaya zikaja.

Mvua ilikataa. Ikakataa na mwaka uliofuata. Mtama ukanyauka ungali mchanga. Sokoni bei zikapanda juu ya paa, zikakaa huko huko. Kibaba cha mtama ambacho zamani ulikipata kwa tita moja la kuni, sasa kilitaka kitanda pamoja na godoro lake. Siwatu aliuza kitanda. Kisha akauza kinu. Alipobaki na chungu kitupu alikiinamisha kifudifudi jikoni, akajifunga kanga vizuri, akaenda na wenzake kwa Mtemi.

Wanyama walijaa uwanjani. Swala walikuwepo, na ngiri, na kanga, na nungunungu, na panya wa kila aina. Mbavu zao zilihesabika kwa mbali.

"Mtemi wetu," alianza Swala mmoja mzee, "tumekuja kwa sababu ya njaa. Tunaomba ghala lifunguliwe."

Mtemi Kifaru akakunja uso. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akainua pua, fwi! fwi!

"Njaa?" akasema. "Iko wapi? Mimi siioni."

"Hata mimi siioni," akasema Fisi, akijifuta mafuta mdomoni.

"Siioni! Siioni!" akapiga kelele Kasuku. Huyu alikuwa msemaji wa Mtemi, na kazi yake ilikuwa kurudia neno la mwisho la bwana wake ili lifike nchi nzima.

Fisi akamnong'oneza Mtemi sikioni, pss, pss, pss. Mtemi akatikisa kichwa, akakohoa, akasimama.

"Wananchi! Nimechunguza jambo hili kwa kina. Nimegundua kwamba tatizo si chakula. Tatizo ni matumbo. Matumbo yenu yamezoea vibaya! Kwa hiyo kuanzia leo kila mnyama atafunga mkanda. Tumbo likibanwa hutulia, na likitulia husahau. Mikanda itapatikana kwa Bwana Fisi, kwa kikapu kimoja tu cha nafaka."

"Kikapu cha nafaka!" akalia Kasuku.

"Pili," akaendelea Mtemi, "hilo neno mlilolitaja ni marufuku. Linatia hofu. Mtu akijisikia vile, aseme ana wepesi. Atakayetamka lile neno jingine atachapwa bakora hapa hapa uwanjani."

Kisha pakasikika sauti nyembamba kutoka kule chini, katikati ya miguu ya wakubwa.

"Samahani, Mtemi. Na wewe utafunga?"

"Nani huyo anayeongea? Simwoni."

"Mimi, Siwatu Pimbi, muuza uji."

Mtemi akatazama huku na huko, akaliangalia jiwe, akaliambia lile jiwe kwa upole, "Mama, kiongozi hufunga mkanda wake moyoni."

"Moyoni! Moyoni!" akapiga kelele Kasuku, na baraza likaisha hapo.

Haya. Wanyama wakakwaruza kile kidogo kilichobaki nyumbani, wasio na kitu wakakopa kwa jirani, wakajaza vikapu, wakampelekea Fisi, wakapewa mikanda. Ilikuwa ya ngozi. Hizo ngozi Fisi alizitoa wapi? Hatujui, wala tusiulize. Tunajua tu kwamba kazi ya kulainisha ngozi ni ndefu, na Fisi alikuwa mvivu. Alizikata mbichi mbichi, akazianika kidogo, akaziuza na harufu yake.

Mabondeni pakawa mahali pa ajabu. Swala wawili wakikutana kisimani:

"Habari za nyumbani, shoga?"

"Nzuri tu. Watoto wana nj..."

"Shhh!"

"...wana wepesi."

"Hata wangu. Mume wangu jana alikuwa na wepesi mpaka akaanguka."

Na Kasuku juu ya mti, kichwa upande, akisikiliza.

Nyumbani kwa Siwatu ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Alichemsha majani ya ukwaju. Alichemsha mizizi asiyoijua jina. Watoto wakubwa walilalamika, na hilo halikumtisha, maana mtoto anayelalamika ana nguvu ya kulalamika. Aliyemtisha ni Kidawa. Kidawa alikuwa ameacha kuuliza maswali. Alikaa tu ukutani, mkanda umemzunguka mara mbili, akimtazama mama yake bila neno.

Asubuhi moja Siwatu alishindwa kuvumilia harufu ya mkanda wake. "Hata kama nakufa," akasema, "sifi nikinuka Fisi." Akaenda kwenye kidimbwi kilichobaki, akaufua, akaukamua, akaufunga kiunoni ungali unatiririka maji. Kisha akapanda juu ya jabali kuota jua kama pimbi wote wafanyavyo, akalala.

Aliamka macho yamemtoka.

"Hik!" Alijaribu kuvuta pumzi. Ikaingia nusu. "Hik! Hik!"

Mkanda ulikuwa unakauka, na kadiri ulivyokauka ulijivuta, kwii, kwiii, kama mtu anayeminya nguo. Siwatu alijaribu kulifungua fundo. Fundo lilikuwa limekuwa jiwe. Akaporomoka kutoka jabalini, akabingirika mpaka mlangoni kwa jirani yake, Panya Buku, mzee ambaye kila mtu alimwita Babu Meno.

"Babu! Ni... hik! ...saidie!"

"Mjukuu wangu, mbona umekatika katikati kama nyigu?"

"Ta... funa!"

Babu Meno hakuuliza tena. Aliingiza meno yake membamba kati ya ngozi na manyoya, kwaru, kwaru, kwaru. Akapumzika. Kwaru, kwaru. Akapumzika tena, maana mzee hakuwa ametia kitu tumboni tangu juzi. Mwisho, pwaa! Mkanda ukakatika, ukaruka mpaka ng'ambo ya ua.

Siwatu alilala chali, akavuta hewa kama mtu anayekunywa maji. Kisha akaanza kucheka.

"Kuna nini cha kuchekesha?" akauliza Babu Meno. "Ungekufa, mama watoto!"

"Babu, hiyo ngozi ilikuwa imelowa."

"Naam. Ngozi mbichi ikilowa hunyooka, ikikauka hujikunja. Hata mtoto wa juzi analijua hilo."

"Na Fisi, mwenye meno ya kuvunja mifupa, angeweza kunikatia mkanda ule?"

"Fisi? Kwa taya lile? Angeukata mkanda pamoja na wewe."

Siwatu akaketi. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Babu, nikikuita wewe na jamaa zako mbele ya watu wote, mtakuja?"

"Tutakuja. Lakini meno hayana nguvu siku hizi, mjukuu. Ule wepesi umezidi."

"Safi kabisa," akasema Siwatu. "Msitafute nguvu. Njooni hivyo hivyo mlivyo."

Siku hiyo hiyo akajipaka mafuta kidogo usoni, akaenda kwa Mtemi.

Alimkuta sebuleni na Fisi. Mbele yao palikuwa na sinia la viazi vitamu vinavyofuka mvuke, maboga ya kuchemsha, na mlima wa mahindi. Siwatu alikazana asiangalie.

"Hodi hapa!"

Fisi akaruka mbele ya sinia. "Hatuli!" akasema haraka, shavu moja limejaa. "Tunaonja! Tunaonja kwa niaba ya wananchi, kuangalia kama chakula kiko salama."

"Mungu awape nguvu katika kazi hiyo ngumu," akasema Siwatu. "Shikamoo, Mtemi."

"Marahaba. Ni nani wewe?"

"Siwatu, muuza uji. Nimekuja kushukuru. Ule mkanda, Mtemi! Ule mkanda ni mtukufu! Mimi sasa nina wepesi hata upepo ukivuma natembea kwa ncha za vidole. Watoto wangu wametulia tuli. Nyumba nzima kimya, hakuna anayeomba chochote."

Mtemi Kifaru akatabasamu mpaka pembe ikapanda juu. "Umesikia, Fisi? Sera inafanya kazi!"

"Inafanya kazi!" akapiga kelele Kasuku dirishani.

"Ila..." Siwatu akashusha sauti. "Aah, basi. Acha niende zangu."

"Ila nini?"

"Ni maneno ya watu tu, Mtemi. Hayafai kusikiwa na masikio makubwa."

"Sema!"

"Wanasema... nisamehe, baba... wanasema wewe hukufunga mkanda kwa sababu nchi nzima hakuna mkanda unaoweza kukuzunguka. Wanasema, kwa tumbo lile, ngozi ingeishia njiani."

Mtemi akainuka, sinia likapinduka, viazi vikabingirika. "Nani kasema? Tumbo langu ni la kawaida! Ni misuli!"

"Ndivyo nilivyowaambia. Nikawaambia, siku Mtemi akisimama uwanjani na mkanda wake, mrefu, umeloweshwa maji mpaka unang'aa kama kioo, jua likimpiga pande zote, mtanyamaza wenyewe."

Fisi akakunja paji la uso. Hakuwa mjinga sana. "Kuloweshwa? Kwa nini uloweshwe?"

"Ung'ae, Bwana Fisi! Mkanda mkavu ni wa watu kama mimi. Tena fikiria wewe mwenyewe. Watu wakiuona mkanda wa Mtemi unavyong'aa, nani atakayeridhika na huu wa zamani? Kila nyumba itakuja kwako kutaka wa pili."

Masikio ya Fisi yakasimama wima. "Wa pili?" akasema polepole. "Kikapu kingine... Mtemi, mimi naona mama huyu ana akili."

"Na hotuba itakuwepo?" akauliza Mtemi.

"Ndefu," akasema Siwatu. "Ndefu kabisa. Watu wana kiu ya hotuba."

Basi ikatangazwa Sikukuu ya Mkanda. Uwanja ukafagiliwa. Wanyama wakaja wakijikokota, wengine wakishikana mikono wasianguke. Fisi alikuwa ameunganisha ngozi kwa ngozi, akatengeneza mkanda mmoja mrefu kama njia ya kisimani, na akauweka ndani ya pipa la maji siku nzima. Nyani wakautoa, cho! cho! cho! ukichuruzika. Wakamzungusha Mtemi, aliyesimama chini ya mwavuli wake. Mtemi akaingiza tumbo ndani, akazuia pumzi. Nyani wakavuta, wakapiga fundo juu ya mgongo, mahali ambapo kwato za kifaru hazifiki.

"Oyeee!" wakaitika wanyama kwa sauti hafifu.

"Umenienea!" akasema Mtemi kwa furaha. "Mnaona? Umenienea!"

"Mwondoleeni mwavuli," akasema Siwatu, "watu wamwone anavyong'aa."

Mwavuli ukaondolewa. Jua la Mabondeni siku hiyo lilikuwa la kukaanga karanga.

"Wananchi!" akaanza Mtemi Kifaru. "Wako wabaya wanaosema mkanda unabana. Je, mimi nabanwa? Sibanwi! Mkanda haubani! Atakayesema unabana ni msaliti, na bakora zake ziko tayari!"

"Bakora ziko tayari!" akalia Kasuku.

Akazungumza juu ya utawala wake. Akazungumza juu ya baba yake na babu yake. Jua likapanda. Mkanda ukaacha kung'aa, ukaanza kufifia rangi.

Kwii.

Mtemi akatulia kidogo. Akajikuna. Akaendelea. "Uchumi wetu, kama mnavyojua, uko... uko..."

Kwiii!

"Uko imara... hik!"

"Uko imara hik!" akatangaza Kasuku.

Wanyama wakatazamana. Siwatu akapiga makofi. "Mshangilieni Mtemi! Anatoa sauti ya furaha!"

"Oyeee!"

"Tunaelekea... hik... kwenye neema... hiii!"

"Neema hiii!"

Mtemi alianza kubadilika rangi. Nyama zake zilimwagika juu na chini ya mkanda kama unga unaofura, na macho yake madogo yakawa makubwa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akainama kwa Fisi.

"Fungua," akanong'ona.

"Nifungue nini, Mtemi?"

"Mkanda, mpumbavu!"

"Kwani unabana?" akauliza Siwatu kwa sauti ya kusikika na wote.

Uwanja mzima ukatega masikio. Mtemi akafungua mdomo. Akaufunga. Akawaona wachapa bakora wake wamejipanga pale pembeni.

"Haubani," akasema, jasho likimtiririka. "Lakini... ufungueni."

Nyani wakaruka mgongoni. Wakavuta fundo. Halikucheza. Fisi akasema, "Pisheni, niachieni mimi!" Akapanua taya, akauma. Lakini ngozi ya mkanda ilikuwa imezama kwenye mikunjo, na taya kubwa haliwezi kuchagua. Akauma mkanda, na Mtemi, vyote pamoja.

"YALAAA!" Mguu wa nyuma ukaruka, puu! Fisi akaruka hewani, akatua katikati ya kanga, manyoya yakatawanyika.

"Nakufa!" akalia Mtemi. "Siwatu! Mama uji! Uko wapi? Sikuoni! Fanya kitu!"

"Hapa chini, Mtemi. Wako wenye meno membamba wanaoweza kupita. Babu Meno! Hebu sogea na jamaa zako."

Panya wakasogea, mstari mzima, wakitembea kwa kupepesuka. Babu Meno akapanda mgongoni kwa taabu, akaweka meno. Kwaru. Akasimama. Kwa... ru. Akaketi.

"Vipi tena?" akalia Mtemi.

"Shikamoo, Mtemi," akasema Babu Meno akihema. "Meno yapo. Nguvu ndiyo haipo."

"Kwa nini haipo?"

"Aa, Mtemi. Sababu yake tumekatazwa kuitaja."

"Itajeni!"

"Tutachapwa."

"Itajeni nimesema!"

"Ni wepesi, Mtemi," wakajibu panya wote kwa adabu. "Tuna wepesi tu."

Kwiiii! ukalia mkanda, na Mtemi Kifaru akapiga ukelele uliotikisa mawe ya Mabondeni.

"WEPESI GANI? HIYO NI NJAA! NJAA! MNA NJAA!"

Kasuku akashtuka. Lakini kazi ni kazi. Akapaa juu kabisa, akatangaza nchi nzima, "MNA NJAA! MNA NJAA! MNA NJAA!"

Loo! Mngewaona wale wanyama, wanangu. Ni kama mtu amewatoa kitambaa mdomoni. Swala mzee akasema kwanza, taratibu, kana kwamba anaonja, "Njaa." Jirani yake akasema, "Njaa." Ngiri wakasema. Kanga wakasema. Mama mmoja wa nungunungu akaisema huku analia. Nchi nzima ikawa inasema neno moja, na hakuna bakora iliyoinuka.

"Fungueni ghala!" akapiga kelele Mtemi. "Walisheni hawa panya!"

Fisi akaja akichechemea, akaufunika ufunguo kwa mikono miwili. "Mtemi! Fikiri! Hiyo ni akiba ya siku mbaya!"

"SIKU GANI," akanguruma Mtemi Kifaru, "MBAYA KULIKO HII?"

Hapo ufunguo ukatoka shingoni mwa Fisi. Nani aliuvuta, hajulikani, maana walikuwa wengi. Mlango ukafunguliwa, krrrr, na harufu ya mtama ikatoka nje kama mtu aliyefungiwa muda mrefu. Upande wa mbele Fisi alikuwa amekwisha kula sana. Lakini nyuma vikapu vilikuwa vimepangwa mpaka darini.

Siwatu akapanda juu ya gogo. "Msisukumane! Wazee na watoto kwanza. Kanga, leteni kuni! Ngiri, maji!"

"Na mimi je?" akalia Mtemi.

"Uji unapikwa, Mtemi. Panya hawawezi kutafuna mtama mkavu kwa meno wanayotaka kuyatumia kwako."

"Utachukua muda gani huo uji?"

"Uji wa haraka una mabonge."

Hivyo uji ukapikwa bila haraka. Harufu ikamfikia Mtemi pale alipobanwa. Nyumba baada ya nyumba ikachukua vikapu vyake. Na Kidawa alipewa kata ya kwanza. Akanywa bila kupumua, akajifuta mdomo, akamtazama yule mnyama mkubwa aliyekuwa anapiga kelele, akauliza, "Mama, kwa nini yule anatoa sauti kama mlango?"

Siwatu aligeuza uso kwenye moshi, akajifanya moshi ndio uliomwingia machoni.

Babu Meno na jamaa zake wakanywa kata moja. Wakanywa ya pili. Babu akaomba na chumvi kidogo. Kisha wakapanda, meno kama misumeno, kwaru kwaru kwaru kwaru, na mara, PWAAA! Mkanda ukakatika, ukamchapa Fisi njiani, ukapotelea vichakani. Mtemi Kifaru akashuka chini, taratibu, puuuu, akabaki amelala, ulimi nje.

Alipopata pumzi, kitu cha kwanza alichosema ni, "Nipeni uji."

"Foleni iko kule, Mtemi," akasema Swala mzee. Na Mtemi akaenda. Kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, ilibidi asogee karibu sana na yule aliyetangulia mbele yake, akaziona mbavu zake, moja moja. Akazitazama muda mrefu.

Fisi hakungoja uji. Walimwona mara ya mwisho akivuka mlima, na mpaka leo akipita karibu na makazi ya watu hutembea akiinamisha kiuno, na usiku hucheka kicheko kisicho na furaha.

Ufunguo wa ghala hakurudishiwa mtu mmoja. Waliuning'iniza uwanjani, palipo wazi, na walikubaliana kwamba mlango haufunguliwi mpaka wawepo mkubwa na mdogo pamoja. Mvua ilichelewa bado, nayo haikuwa rahisi kuingoja, lakini waliingoja wakiwa hai.

Siku moja, mambo yalipotulia, Mtemi Kifaru alimwita Siwatu. Aliinama mpaka pua ikakaribia kumgusa, ahakikishe haongei na jiwe.

"Niambie kweli, Siwatu. Ulijua kwamba ule mkanda utabana?"

"Mtemi wangu," akajibu Pimbi, "nchi nzima ilijua. Ni wewe peke yako uliyekuwa hujaambiwa na tumbo lako."

Mtemi akafikiri. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mwili mzima, mpaka Siwatu ikambidi akimbie asije akakanyagwa.

Basi wanangu, funzo ni hili: kiongozi anayewaagiza watu wavumilie shida asiyoionja mwenyewe, hata hajui anachoagiza.